Mkimbizi wa vita na mtego wa walanguzi wa binadamu

Anayevuka mpaka kukwepa risasi hana fursa ya kumchunguza anayejitolea kumbeba. Hapo ndipo mlanguzi wa binadamu humnasa.

Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005, inafafanua ulanguzi kwa nguzo tatu: tendo la kumchukua, kumsafirisha au kumhifadhi mtu, njia iliyotumiwa, kama vile vitisho, hadaa au kuutumia vibaya unyonge wake, na lengo la kumnyonya kwa ukahaba, utumwa, kazi ya shuruti au hata kumtoa viungo vya mwili. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, njia haihitaji kuthibitishwa.

Kosa hilo si sawa na uvushaji wa magendo, ambapo mtu hulipa avushwe mpaka kisha kila mmoja akashika njia yake. Kwa mkimbizi, hata hivyo, tofauti hiyo ni nyembamba mno. Aliyekubali kuvushwa kwa deni huweza kufika akapata kwamba haruhusiwi kuondoka hadi alipe kwa jasho lake. Wengine hawakukubali lolote. Hasa kati ya 2009 na 2013, Waeritrea wengi walitekwa nyara mashariki mwa Sudan na kuuzwa kwa magenge ya rasi ya Sinai, Misri, ambako waliteswa huku jamaa zao wakisikilizishwa vilio kwa simu ili watoe kikombozi.

Kinga ya kwanza ya mkimbizi ni kusajiliwa, na Kenya ina funzo lake katika jambo hili. Januari 2007 serikali ilifunga mpaka na Somalia, pamoja na kituo cha kuwapokea wakimbizi cha Liboi. Watu hawakukoma kuja. Kilichokoma ni kupokewa kwao mpakani, na safari ya takriban kilomita 80 hadi kambi za Dadaab ikaachiwa wavushaji. Oktoba 2011, baada ya wafanyakazi wa misaada kutekwa nyara, usajili wa wageni ulisimamishwa Dadaab kwenyewe. Asiyesajiliwa hana kadi ya chakula wala hati ya kumwonyesha polisi; mwenye kumwahidi kazi ya nyumbani jijini huwa hana mshindani.

Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 ni kali. Anayepatikana na hatia hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha. La maana zaidi kwa mkimbizi ni kifungu cha 14, kinachosema mwathiriwa hatashtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 nao, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo atajitokeza kwa maafisa bila kukawia.

Kinga hiyo hutegemea afisa wa kwanza kukutana naye. Akimwona kama mhamiaji haramu tu, atamfikisha kortini, na anayemlangua atabaki huru. Ndiyo sababu mahojiano hufaa kufanywa faraghani, kwa lugha aijuayo mkimbizi, na kamwe mkalimani asiwe yule aliyefika naye. Mtoto aliyeandamana na mtu mzima anayedai kuwa mjomba huhojiwa peke yake kabla ya kukabidhiwa yeyote.