DNA ya bakteria wa homa ya matumbo
DNA ya bakteria wa homa ya matumbo, ugonjwa uliowasumbua kwa miaka mingi wakazi wa Kibera, mtaa wa Nairobi, ni molekuli ndefu ya nyuzi mbili zilizosokotana, ambamo habari za urithi huhifadhiwa kwa mpangilio wa besi nne: adenini hushikana na thimini, guanini na sitosini, hivyo kila uzi hutosha kuunda upya mwenzake. Ndani ya jeni, besi tatu zinazofuatana kwa kawaida huainisha asidi amino moja ya kujengea protini. Jenomu ya bakteria huyo, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa mwaka 2001, ina jozi za besi zipatazo milioni 4.8.

Ili kutofautisha koo za bakteria huyo, damu ya mgonjwa huoteshwa maabarani, kisha DNA ya vimelea vilivyoota hutolewa na kuchunguzwa, kwani badiliko la besi moja tu laweza kutambulisha ukoo. Kwa kulinganisha mabadiliko hayo, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kimatibabu ya Kenya, na wenzao walionyesha mwaka 2010 kwamba ukoo wa H58, uliotawala Kenya, umeenea pia Asia ya Kusini-Mashariki; na, jambo zito kwa mitaa yenye uhaba wa maji safi, ukoo huo mara nyingi ni sugu kwa dawa nyingi, jeni za usugu zikibebwa aghalabu na plasmidi, yaani kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu.