Diski Inapokufa Kazi Ikiendelea

Mwaka 1956, wahandisi wa IBM mjini San Jose, California, wakiongozwa na Reynold Johnson, walikamilisha mashine yenye diski 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24. Ilikuwa hifadhi ya kompyuta iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na uzito wa takriban tani nzima, lakini ilitunza herufi milioni 5 tu. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo iliyozuia vichwa vya kusoma na kuandika visiikwaruze diski.

Tangu hapo wahandisi walihangaika kutengeneza diski isiyoharibika upesi. Mwaka 1973, IBM 3340, maarufu kwa jina la Winchester, ilifungia vichwa na diski pamoja ndani ya kasha moja ili vumbi lisipenye. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mtambo unaozunguka usiku na mchana lazima uchoke.

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliliendea tatizo kwa njia nyingine. Walitaka diski ndogo za bei nafuu ziunganishwe zifanye kazi ya diski kubwa za gharama. Hesabu ilitisha: ikiwa diski moja hudumu wastani wa saa 30,000, katika kundi la diski 100 moja itakufa baada ya saa 300, yaani kabla ya wiki mbili kwisha.

Badala ya kukimbia kifo hicho, walikiweka ndani ya mpango. Diski za ziada zingetunza hesabu ya ukaguzi. Anayejua jumla ya namba tatu na mbili kati ya hizo huipata ya tatu kwa kutoa. Vivyo hivyo, yaliyopotea hukokotolewa upya kutoka kwa diski zilizobaki. Norman Ken Ouchi wa IBM alikwisha kupata hataza ya wazo la aina hiyo mwaka 1978. Watatu wa Berkeley waliupa mpango wao jina la RAID.

Kazi ya fundi ikabadilika. Sasa angeweza kuchomoa diski mbovu na kupachika mpya bila kuzima mashine, ila ni lazima aitambue kwanza. Kundi lenye kinga ya diski moja halisamehe: akichomoa nzima kwa bahati mbaya, zinakosekana mbili, na hesabu haikamiliki tena. Ndiyo maana hulinganisha namba iliyochapwa kwenye diski na ile inayoonyeshwa na kompyuta kabla ya kugusa chochote.

Miaka ya 1990 diski zikaanza kujipima zenyewe kwa mfumo wa SMART. Mwaka 2007, watafiti wa Google waliochunguza diski zaidi ya 100,000 walieleza kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la ukaguzi, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Lakini zaidi ya 36% ya zilizokufa hazikutoa dalili yoyote.

Mwaka huohuo, Bianca Schroeder na Gibson yuleyule wa RAID walionyesha kwamba takwimu za watengenezaji ziliashiria vifo visivyozidi 0.88% kwa mwaka, ilhali diski zilizobadilishwa kwa kawaida zilikuwa 2 hadi 4%, na mahali pengine 13%.

Diski zilivyozidi kuwa kubwa, kuijaza mpya kukachukua saa nyingi, pengine siku kadhaa, na ya pili ingeweza kufa katikati ya kazi. Kwa sababu hiyo ikaenea RAID 6, inayostahimili vifo viwili kwa pamoja, huku diski ya akiba ikikaa tayari ndani ya mashine ili ukarabati uanze kabla fundi hajafika.