Boti aitwaye Anna

Ukisikia neno boti huenda fikira zako zikaenda Lamu. Leo nazungumzia boti ya aina nyingine: programu inayokaa kwenye ukumbi wa gumzo mtandaoni na kufanya kazi ya bawabu.

Mfumo wenyewe ni IRC, uliobuniwa na Jarkko Oikarinen huko Oulu, Ufini, mwaka 1988. Kila ukumbi huitwa chaneli. Kwa kuwa msimamizi hawezi kukesha, huweka boti imlindie chaneli yake: inakaribisha wageni, inafukuza wasumbufu na kuwafungia mlango wanaotuma takataka. Ina jina lake kwenye orodha, sawa na watu wengine.

Mwaka 2006 kijana wa Uswidi, Jonas Altberg, anayejiita Basshunter, alitoa wimbo "Boten Anna", mdundo wa dansi uliotengenezwa kwa kompyuta. Kisa chake: jamaa anaamini Anna ni boti ya chaneli, kumbe ni msichana wa kweli! Hata kwa Kiswidi neno hilo linakaribiana na jina la chombo cha majini, na video yake ikautania utata huo. Wimbo wa mambo yetu sisi watu wa kompyuta, tena kwa Kiswidi, ukashika namba 1 Uswidi na Denmark.

Kisha soko kubwa likaita. Mwaka 2007 muziki uleule ulivishwa maneno ya Kiingereza, ukaitwa "Now You're Gone". Januari 2008 ulifika namba 1 Uingereza, ukakaa hapo wiki 5. Lakini Anna hayumo tena, wala chaneli, wala boti. Yamebaki mapenzi yaliyovunjika, kama katika nyimbo nyingine elfu.

Sikatai, wimbo uliuzika. Ila kilichotupwa ndicho kilichokuwa na thamani. Tangu ChatGPT itoke mwaka 2022, kila mtu anajiuliza: huyu anayenijibu ni mtu au mashine? Anna alituonyesha upande wa pili wa swali hilo, yaani binadamu anayehesabiwa kuwa mashine kwa sababu tu tunaona maandishi yake na hatumwoni yeye.

Nawe unayeandika programu kwa Kiswahili, ukishauriwa uondoe mambo ya nyumbani ili kazi yako ieleweke ng'ambo, jiulize kwanza: nikimtoa Anna, kitabaki nini?