Mganga Hajigangi: Historia ya Mzigo wa Madaktari wa Mifugo

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Uingereza, David Bartram na David Baldwin, walipitia tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu vifo vya madaktari wa mifugo, wakahitimisha kwamba hatari ya daktari huyo kujiua ni takriban mara nne ya ile ya raia wa kawaida, na takriban mara mbili ya ile ya wenzake katika fani nyingine za afya. Mwaka 2019 Marekani nayo ilitoa hesabu yake, iliyochunguza vifo vya tangu 1979 hadi 2015: wanawake wa taaluma hiyo walijiua kwa kiwango cha mara 3.5 ya wanawake wengine, na wanaume mara 2.1. Takwimu za namna hii zina jibu jepesi linalozisubiri. Husemwa kwamba vijana wa siku hizi ni laini, au kwamba apendaye wanyama ana moyo mwepesi tangu kuzaliwa. Nadhani jibu hilo linaanzia mahali pasipo penyewe. Msongo wa madaktari wa mifugo una historia ndefu, na katika historia hiyo jambo moja linajirudia: jamii inapokabiliwa na uamuzi mgumu kuhusu wanyama wake, huutia mikononi mwa daktari, kisha yenyewe hugeuza uso.

Taaluma hii haikuanzishwa kwa ajili ya huruma. Claude Bourgelat, mwalimu wa kupanda farasi, alipofungua shule ya kwanza mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, serikali ilikuwa na hofu ya sotoka iliyokuwa ikifagia ng'ombe wa Ulaya, na ilihitaji farasi wazima kwa jeshi lake. London ilipata chuo chake mwaka 1791. Daktari wa mifugo alikuwa mlinzi wa mali, na kwa muda mrefu mali hiyo ilimaanisha farasi kwanza. Kilichobadilisha sura ya kazi nchini Uingereza ni sotoka ya mwaka 1865, iliyoingia na ng'ombe walioshushwa melini katika bandari ya Hull. John Gamgee, mtaalamu wa mifugo, alikuwa amekwisha kuonya, asisikilizwe. Watu walijaribu dawa za kila aina na maombi, ng'ombe wakaendelea kufa kwa maelfu, mpaka mwaka 1866 Bunge likapitisha sheria ya kuchinja kwa lazima. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa. Kitaalamu uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa kuwa chanjo haikuwepo. Lakini tangu hapo kuua ili kuokoa kukawa nguzo ya sera, na daktari akawa na sura mbili mbele ya mfugaji: leo anakuja kutibu, kesho anakuja na amri ya serikali.

Mtu anaweza kusema kwamba madaktari wa zamani waliyabeba hayo bila kulalamika. Ni kweli hawakulalamika hadharani, ila kunyamaza si ushahidi wa afya. Hakuna aliyeipamba kazi hii kuliko Alf Wight, daktari wa Thirsk huko Yorkshire, aliyeanza mwaka 1970 kuchapisha visa vyake kwa jina la James Herriot. Vitabu vyake viliuzwa kwa mamilioni, vikafanywa tamthilia ya televisheni, na vikawavuta vijana wengi kuomba nafasi vyuoni. Mwanawe, ambaye naye ni daktari wa mifugo, aliandika baadaye kwamba baba yake alipatwa na sonona kali karibu na mwaka 1960, akatibiwa kwa njia ya umeme, na wasomaji wake hawakuwa na habari. Donald Sinclair, mshirika wake katika kazi na kielelezo cha mhusika wa vitabuni aitwaye Siegfried, alijitoa uhai mwaka 1995, miezi michache baada ya Wight kufariki. Haitakuwa haki kudai kwamba kazi peke yake ndiyo iliyowafikisha huko. Maisha ya mtu yana mengi, na Sinclair alikuwa amefiwa na mkewe. Hata hivyo, mfano huo unatosha kuvunja dhana kwamba huzuni katika fani hii ililetwa na kizazi cha simu za mkononi. Ilikuwepo katika kile kinachoitwa enzi ya dhahabu, nyuma ya vicheko vya vitabu vilevile vilivyoijenga sifa ya enzi hiyo.

Mwaka 2001 sera ya 1866 ilijaribiwa kwa kipimo ambacho waasisi wake hawakukiwaza. Mwezi Februari ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa kwa nguruwe katika machinjio moja ya Essex. Hadi kisa cha mwisho mwezi Septemba, mashamba 2,026 yalikuwa yamethibitishwa kuambukizwa na wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wameuawa, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa wowote. Huu si ugonjwa wa kutisha kama sotoka. Ng'ombe wakubwa wengi hupona, binadamu haumdhuru, na chanjo ilikuwepo. Kilicholindwa hasa ni soko la nje, maana nchi inayotangazwa kuwa haina ugonjwa huu ndiyo inayouza nyama yake kwa urahisi. Amri ikawa kwamba shamba lililoambukizwa limalizwe ndani ya saa 24, na mashamba yanayopakana nalo ndani ya saa 48. Hesabu za kompyuta zilizofanywa na wataalamu wa milipuko ndizo zilizosukuma kasi hiyo, na madaktari kadhaa waliokuwa mashambani waliipinga.

Tutazame siku moja ya kazi ile kwa karibu. Daktari anafika getini na suti ya mpira, anasugua viatu kwa dawa, anaingia zizini na kufungua vinywa vya ng'ombe kimoja baada ya kingine akitafuta malengelenge ulimini. Kwa kondoo alama hizo huwa hafifu, na mara nyingi hubaki na shaka. Akithibitisha, ni yeye anayempigia simu ofisa wa wizara, ni yeye anayerudi jikoni kumweleza mwenye shamba, na ni yeye anayesimamia wachinjaji mpaka kondoo wa mwisho, pamoja na wana-kondoo waliozaliwa asubuhi ile, kwa kuwa ugonjwa ulikuja majira ya kuzaa. Mizoga husubiri kuchomwa au kupelekwa kwenye makaburi ya halaiki, kama lile la Great Orton, Cumbria, walikofukiwa wanyama zaidi ya 400,000. Baada ya hapo haruhusiwi kukanyaga shamba safi kwa siku kadhaa, asije akabeba virusi, kwa hiyo hupelekwa kwenye shamba jingine lenye ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliwaomba wakazi 54 wa Cumbria, wakiwemo wakulima na watu walioshiriki operesheni ile, waandike shajara za kila wiki kwa miezi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha majonzi, kumbukumbu zinazorudi zenyewe, na kupotea kwa imani kwa wenye mamlaka. Mwezi Aprili mwaka ule ule wa 2001, ndama mmoja mweupe wa Devon, aliyepewa jina la Phoenix, alipatikana hai baada ya siku kadhaa kati ya mizoga. Magazeti yalimpigania, na serikali ikalegeza amri juu ya mashamba jirani. Kama picha ya ndama mmoja ingeweza kubadili amri, basi amri ile haikuwa sheria ya maumbile. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa, ambao kwa wiki nyingi ulibebwa na dhamiri za watu wengine.

Mkondo wa pili wa historia hii ulipita kwenye kliniki za mijini. Trekta ilipomwondoa farasi shambani, madaktari wa Uingereza waligeukia mbwa na paka, na mwaka 1957 wakaunda chama chao cha wanyama wadogo. Mnyama yule akawa sehemu ya familia, lakini hakuna mfuko wa umma wa kumtibu kama ule wa kumtibu mmiliki wake. Hivyo daktari anayejua namna ya kuokoa paka hulazimika kwanza kutaja bei, na pesa zikikosekana, yeye ndiye anayempa sindano ya mwisho. Mwenye paka humlaumu yeye, wala hailaumu jamii iliyoamua kwamba tiba hiyo ni biashara. Mwaka 1999 masharti ya umiliki yalilegezwa ili hata asiye daktari aweze kumiliki kliniki. Kwa mujibu wa mamlaka ya ushindani ya Uingereza, makampuni makubwa yaliyomiliki kliniki 1 katika kila 10 mwaka 2013 yalifikia takriban 6 katika kila 10 muongo mmoja baadaye. Bei hupangwa ofisini kwingine, lakini anayeisoma mbele ya mteja anayelia ni mwajiriwa mwenye koti jeupe.

Zipo hoja mbili nzito dhidi ya maelezo haya. Ya kwanza ni kwamba wanaoingia katika fani hii tayari wana tabia ya kutojisamehe. Utafiti mmoja wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta takriban theluthi moja wana dalili za sonona, kabla hata hawajamtibu mnyama yeyote kwa leseni yao. Sikatai. Lakini mlango wa chuo umejengwa na watu: nafasi chache, alama za juu mno, na kijana anayefunzwa kwa miaka mingi kwamba kosa moja ni aibu. Tabia inayochaguliwa na mfumo haiwezi kuhesabiwa kuwa kasoro ya mtu binafsi. Hoja ya pili inatoka kwa watafiti wengine wa Marekani, walioonyesha mwaka 2019 kwamba ukiviondoa vifo vilivyotokana na dawa ya kuulia wanyama, tofauti kati ya madaktari hawa na raia wengine haionekani tena kwa uhakika. Hoja hii ni muhimu, na tena inatia matumaini, maana kabati linaweza kufungwa kwa funguo mbili. Ila inaeleza vifo, haielezi majonzi yanayovitangulia, na dawa ile ipo kabatini kwa sababu tumempa daktari kazi ya kuua.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema haya ni mambo ya Ulaya. Taaluma yenyewe, hata hivyo, ililetwa kwetu na dola zile zile: maabara ya Mpwapwa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905, na ile ya Kabete na Waingereza mwaka 1910. Huku ikapata ushindi ambao hakuna mwingine wa kulinganisha nao katika historia yake. Chanjo ya sotoka iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, ilisaidia kuufuta ugonjwa huo duniani. Kisa cha mwisho kilithibitishwa kwa nyati wa Meru mwaka 2001, mwaka ule ule wa maangamizi ya Uingereza, na tangazo rasmi likatolewa mwaka 2011. Bwana mifugo aliyeshika bomba la chanjo alikuwa na serikali nyuma yake, gari, mshahara na heshima ya wafugaji. Kisha, kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, sera za kurekebisha uchumi zikaitaka serikali ijiondoe katika tiba ya mifugo. Ajira ya moja kwa moja kwa wahitimu ikasimama, na aliyekuwa mtumishi wa umma akawa muuza dawa anayedai malipo kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake amekufa na deni lake limeandikwa daftarini. Sura ya tatizo ni tofauti na ya Yorkshire, lakini mwendo ni ule ule: gharama iliyokuwa ya wote imehamishiwa kwa mmoja.

Kwa hiyo semina za kuwafundisha madaktari uvumilivu, peke yake, hazitoshi; zinamtibu aliyebebeshwa na kumwacha aliyebebesha. Serikali inayoamuru wanyama waangamizwe imlipie daktari ushauri nasaha kama inavyomlipa mfugaji fidia. Vyuo vifundishe namna ya kumpa mtu habari mbaya kwa uzito ule ule wa anatomia. Kliniki zifunge dawa kali kwa sahihi za watu wawili. Na wewe mwenye mbwa au ng'ombe, bili ikikuuma, kumbuka kwamba aliyekuletea si yeye aliyeipanga.