Kiingilio cha wakubwa: mabanda ya video Mbinga na mwambao wa Nyasa

Video ilifika Ruvuma kabla ya televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu 1973, tena cha rangi. Ng'ambo ya ziwa, Malawi ilisubiri hadi 1999. Kwa hiyo mtu wa Mbamba Bay aliyeona kioo kikiwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuwa akiangalia taarifa ya habari. Alikuwa akiangalia mkanda.

Majumba ya sinema nayo yalikuwa mbali. Mengi yalijengwa pwani, visiwani na katika miji ya reli, na Ruvuma haina reli. Vijijini picha zilikwenda na gari la sinema la serikali, utaratibu wa tangu ukoloni: kati ya 1935 na 1937 mradi wa BEKE, uliokuwa na makao yake Vugiri huko Usambara, ulitengeneza picha za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, kisha ukazizungusha kwa gari. Miaka hamsini baadaye mtu wa kijijini alikuwa bado anachaguliwa picha ya kutazama. Video ilimpa nafasi ya kuchagua mwenyewe, na kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko mashine yenyewe.

Mfumo wa VHS ulitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, lakini huku kwetu mlango ulifunguka kuanzia 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Deki zikaanza kuingia, nyingi kwa njia ya Zanzibar na Dubai. Mbinga nayo ilikuwa na kahawa. Milima ya Umatengo, yenye yale mashamba ya ngoro, hutoa arabika, na malipo ya msimu yalipotoka palikuwa na fedha mfukoni za kununulia bati, baiskeli, na kwa wachache wenye duka, deki, televisheni na jenereta. Huko chini ziwani, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, fedha ilitoka majini. Wavuvi wa usipa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanabaki nchi kavu, na usiku wa namna hiyo ulikuwa mzuri kwa mwenye banda.

Banda lenyewe lilikuwa chumba cha tofali au matete, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yamepangwa, televisheni ndogo juu ya meza mbele, jenereta likinguruma nyuma ya nyumba. Nje, ubao wa chaki ulitaja picha ya leo. Picha ikijaa chenga, mwenye banda alifungua mfuniko wa deki, akafuta hedi kwa kitambaa chenye spiriti huku watu wakipiga miluzi. Deki ikila mkanda, alifungua skrubu za kaseti, akakata sehemu iliyojikunja, akaunga kwa selotepu, na sehemu hiyo ya hadithi ikapotea moja kwa moja. Mkanda uliozunguka mabanda kadhaa ulirudi mfupi kuliko ulivyokuja.

Mchana na jioni lilionyeshwa picha la Kihindi au picha la ngumi la Hong Kong. Lakini kulikuwa na aina nyingine iliyopendwa sana na vijana: picha za bei nafuu za Kimarekani. Kampuni ya Cannon, iliyoongozwa na binamu wawili, Menahem Golan na Yoram Globus, ilitengeneza nyingi. American Ninja ya mwaka 1985 ilipigwa Ufilipino, kwa kuwa huko gharama zilikuwa ndogo. Ya pili, ya mwaka 1987, na ya tatu, ya mwaka 1989, zilipigwa Afrika Kusini, wakati utawala wa makaburu bado umesimama. Tanzania ilikuwa nchi ya mstari wa mbele, na kusini ya mto Ruvuma Msumbiji ilikuwa ikiteketea kwa vita ambayo makaburu hao waliichochea. Mtazamaji aliyemshangilia stelingi hakuwa na njia ya kujua kwamba msitu anaouona uko kwa makaburu. Kaseti za kurekodiwa upya zilifika zimeandikwa jina kwa kalamu tu.

Usiku ulipokuwa mkubwa, watoto wakishafukuzwa, kiingilio kilipanda. Hapo ndipo zilipowekwa picha za X. Wanaoandika juu ya video hupenda kuruka sehemu hii, na naona wanakosea, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyoamua nani aingie bandani na nani abaki nje. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji wa picha hizo huko Marekani na Ulaya walikuwa wakiacha filamu ya kawaida na kushika kamera za video, ambazo gharama yake ilikuwa ndogo mno. Picha hizo hazikuwa na hadithi ya maana wala maneno ya kufuatilia, hivyo hazikuhitaji mtafsiri. Zilieleweka popote, ndiyo maana zilifika popote, zikirekodiwa kutoka deki hadi deki mpaka nyuso zikafifia.

Sheria ilikuwapo. Kanuni ya Adhabu inakataza kuonyesha na kuuza picha za ngono, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, iliweka bodi ya kukagua kila picha kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Lakini bodi ilikaa Dar es Salaam na mkanda ulisafiri ndani ya begi kwenye basi la Songea au kwenye meli kutoka Itungi. Mlinzi aliyebaki ni mwenye banda mlangoni, naye ndiye aliyepokea kiingilio. Vijana waliopenya walipata humo somo lao la kwanza la mapenzi, somo lisilo na neno hata moja juu ya kinga, katika nchi ambayo wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa Kagera mwaka 1983.

Waliolipia zaidi ni wanawake. Banda likishasemwa kwamba usiku linaonyesha uchafu, hata mchana lilikuwa mahali pa wanaume. Msichana aliyeonekana akitoka humo alijengewa jina, hata kama aliangalia picha la Kihindi la watu kuimba bustanini. Kizazi kizima cha akina dada wa Mbinga kilisikia sauti za video kupitia ukuta.

Mlango wao ulifunguka kwa njia mbili. Ya kwanza ni watafsiri. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, na DJ Mark waliingiza sauti zao juu ya picha za kigeni, wakieleza, wakionya, wakimpa adui majina ya Kiswahili, na kaseti hizo zilitazamwa nyumbani. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, ameandika sura nzima juu yao katika kitabu chake cha mwaka 2015. Wanastahili kuandikwa na sisi pia. Njia ya pili ni VCD na filamu za Kibongo. Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilionyesha kwamba hadithi za hapa nchini zina wanunuzi, na baada yake sebule ikawa jumba la sinema. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, wengi waliomlilia walikuwa wanawake waliomjua kwa kumtazama majumbani mwao.

Umeme wa gridi ulifika Songea mwaka 2018, lami ikashuka mpaka Mbamba Bay, na mabanda yaliyobaki, vibanda umiza tunavyoviita sasa, yanaishi kwa mpira wa Ulaya. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Picha za ninja zipo duniani kwa maelfu, hazitapotea. Zinazopotea ni kaseti za harusi, za kipaimara na za mikutano ya ushirika wa kahawa zilizopigwa hapa hapa, ambazo unyevu wa ziwani unazilisha ukungu kabatini. Kuzihamishia kwenye kompyuta kunahitaji deki moja nzima na mtu anayejua kusafisha hedi. Mafundi hao bado wapo Mbinga na Songea, wengi wao siku hizi wakitengeneza simu.