Damu ya Bibi: Jinsi Wanawake wa Argentina Walivyowasaka Waliotoweshwa

Jumamosi ya tarehe 30 Aprili 1977, akina mama 14 walikutana Plaza de Mayo, uwanja ulio mbele ya ikulu ya Argentina mjini Buenos Aires. Siku haikuwafaa. Ofisi zilikuwa zimefungwa, uwanja mtupu, hakuna wa kuwaona wala wa kuwajibu. Wakaahidiana kurudi siku ya kazi, na baada ya kujaribu Ijumaa wakatulia kwenye Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Polisi walipowaambia kwamba hali ya hatari hairuhusu watu kusimama kwa makundi, basi watembee, walishikana mikono wawili wawili wakaanza kuuzunguka mnara wa katikati ya uwanja. Amri ya kuwatawanya ikageuka kuwa maandamano ya kila wiki.

Kila mmoja wao alikuwa akimtafuta mtoto. Majenerali wakiongozwa na Jorge Rafael Videla walikuwa wametwaa madaraka Machi 24, 1976, na tangu hapo watu wenye silaha walikuwa wakiingia majumbani usiku, wakiwafunga watu macho na kuondoka nao katika magari yasiyo na namba. Ndugu walipokwenda kituo cha polisi waliambiwa jina halimo kwenye daftari. Katika kambi za jeshi jibu lilikuwa lilelile. Mahakamani, maombi ya kutaka aliyekamatwa aletwe mbele ya jaji yaligonga mwamba, faili moja baada ya jingine.

Baadhi ya akina mama hao walifahamiana katika chumba cha kusubiri cha kasisi mmoja wa jeshi aliyekuwa na kadi zenye majina ya waliochukuliwa. Wakiwa pale kwenye foleni, Azucena Villaflor, ambaye mwanawe Néstor alichukuliwa Novemba 1976 pamoja na mchumba wake, aliwaambia wenzake kwamba kila mtu kivyake hawatafika popote, heri waende uwanjani wote kwa pamoja. Hakuwa mwanasheria wala mwanasiasa. Lakini historia nzima ya kuwasaka waliotoweka Argentina inaanzia kwenye wazo lake hilo: kwamba uchunguzi ambao dola imekataa kuufanya utafanywa na wenye watoto wao.

Oktoba 1977, walipojiunga na maelfu ya mahujaji waliokuwa wakienda mji wa Luján, walihitaji alama ya kutambuana katika umati. Walijifunga kichwani nepi nyeupe za kitambaa. Wengi wao walikuwa wamezihifadhi tangu watoto wao wakiwa wachanga.

Azucena hakuumaliza mwaka. Desemba walichangishana fedha kulipia tangazo gazetini lenye majina ya waliotoweka. Katika mikutano yao alikuwa akihudhuria kijana mmoja mwenye sura ya upole aliyejiita Gustavo Niño na kudai kwamba kaka yake naye ametoweka. Jina lake halisi ni Alfredo Astiz, ofisa wa jeshi la majini. Kati ya Desemba 8 na 10 watu 12 walitekwa, wakiwemo watawa wawili wa Kifaransa na waasisi watatu wa kundi la akina mama. Azucena alikamatwa tarehe 10, siku tangazo lilipotoka, alipokuwa ametoka nyumbani kwenda kununua gazeti.

Siku chache baadaye bahari ilitupa maiti ufukweni karibu na Santa Teresita. Daktari wa polisi aliandika kwamba watu hao walikufa kwa kugonga kitu kigumu baada ya kuanguka kutoka juu sana, nazo maiti zikazikwa bila majina katika makaburi ya General Lavalle. Karatasi hiyo ilikuwa imedokeza ukweli: wafungwa walidungwa dawa ya usingizi, wakapakiwa kwenye ndege, wakatupwa baharini wakiwa hai. Ilichukua hadi mwaka 2005 kwa wataalamu kuitambua mifupa ya Azucena, ambayo kuvunjika kwake kulilingana na maneno ya daktari yule. Majivu yake yalizikwa palepale Plaza de Mayo, chini ya mnara aliokuwa akiuzunguka.

Miaka 28, basi, watoto wake wengine waliishi na mama ambaye hayupo na hajafa. Anayefiwa hukaa matanga, huzika, na siku ya kuanua matanga watu hutawanyika, maisha yakaendelea. Anayepotelewa hana siku hiyo. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, aliyezichunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, ndiye aliyewafafanulia wataalamu kwamba msiba usio na uhakika huutesa moyo kwa namna yake: kulia unaona unamsaliti aliye hai, kutolia unaona unamkosea aliyekufa.

Watawala walilijua jambo hilo na wakalitumia. Mwaka 1979 Videla aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliyetoweka si hai wala si mfu. Mwaka huohuo serikali yake ilitunga sheria ya kurahisisha kuwatangaza waliotoweka kuwa wamekufa. Familia nyingi ziliikataa kwa hasira, maana kuomba cheti hicho kulikuwa ni kumuua mwanao kwa saini yako mwenyewe, huku aliyemchukua akibaki bila kuulizwa neno. Kukataa nako kulikuwa na gharama zake. Nyumba iliyo kwa jina la aliyetoweka haiuziki, fedha zake benki hazitoki, mke si mjane wala si mtalaka. Ni mwaka 1994 tu ambapo Bunge lilipitisha sheria iliyowapa ndugu hati ya kutokuwepo kwa sababu ya kutoweshwa, ili waweze kusimamia mali na ndoa zao bila kulazimika kutamka kifo.

Miongoni mwa akina mama hao walikuwemo waliokuwa wakiwatafuta watu wawili kwa mpigo. Binti zao au wake wa wana wao walichukuliwa wakiwa na mimba. Oktoba 1977 wanawake 12 wa namna hiyo waliunda kundi la mabibi. Walikutana katika mkahawa wa Las Violetas, keki mezani, wakijifanya wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, huku chini ya meza wakipitishiana majina na anwani. Walikadiria kwamba watoto wapatao 500 walizaliwa vizuizini au walichukuliwa pamoja na wazazi wao, kisha wakagawiwa kwa familia za wanajeshi, polisi na marafiki zao, na kuandikishwa kama watoto wa kuzaa.

Hata hivyo, ukimpata mtoto unayemshuku, unathibitisha vipi? Uso wa mtoto si ushahidi. Mabibi walikuwa wamesoma gazetini kuhusu mwanamume aliyethibitishwa ubaba kwa damu yake, wakajiuliza: ikiwa baba na mama wameuawa, damu ya bibi haiwezi kusema? Walilibeba swali hilo nchi hadi nchi. New York mwaka 1982 walikutana na Víctor Penchaszadeh, daktari wa vinasaba aliyekuwa amekimbia Argentina, naye akawafungulia milango ya wenzake. Hatimaye Mary-Claire King wa Berkeley, California, akishirikiana na wengine, alikamilisha hesabu za kupima ubibi kwa damu ya babu na bibi wa pande zote mbili. Mwaka 1984 kipimo hicho kilitumika kumrudisha kwa bibi yake msichana aliyetekwa Montevideo mwaka 1978 akiwa bado hajatimiza miaka miwili, na ambaye ofisa wa polisi alikuwa amemwandikisha kama bintiye mchanga. Baadaye King aligeukia vinasaba ambavyo mama peke yake huwarithisha watoto, kwa hiyo damu ya bibi mzaa mama mmoja ikatosha kueleza mengi.

Sayansi hiyo haikuanzia maabara. Iliombwa na wanawake wazee ambao wengi wao walikuwa akina mama wa nyumbani na walimu.

Mifupa nayo ilikuwa na kisa chake. Utawala wa kijeshi ulipoanguka mwishoni mwa 1983, majaji waliamuru makaburi yafukuliwe, na kazi ikafanywa kwa katapila. Mafuvu yalivunjika, mbavu za watu watano zikachanganyika katika mfuko mmoja, na kila shimo lililochimbwa hivyo lilikuwa ushahidi uliouawa mara ya pili. Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa kutoka Oklahoma, aliwasili mwaka 1984 kwa mwaliko uliochochewa na mabibi haohao. Wataalamu waliohusika na maiti walikuwa wamefanya kazi chini ya majenerali, familia hazikuwaamini, kwa hiyo Snow akawachukua wanafunzi wa chuo kikuu, akawafundisha kufukua kwa brashi na vijiko. Aliwaasa wafanye kazi mchana na, kama ni kulia, walie usiku. Wanafunzi hao ndio walioanzisha timu ya Argentina ya uchunguzi wa mifupa, ambayo baadaye ilikwenda Ethiopia kuwatafuta waliouawa enzi za utawala wa kijeshi wa Derg, na ikasaidia Afrika Kusini kuwatafuta wapigania uhuru waliozikwa kisirisiri.

Si akina mama wote waliowapokea wachunguzi hao. Kundi la akina mama lililoongozwa na Hebe de Bonafini lilipinga ufukuaji na fidia, likidai watoto warudishwe hai kama walivyochukuliwa hai, na mwaka 1986 akina mama waligawanyika. Ni rahisi kuliona kundi hilo kuwa lenye ukaidi. Lakini wakati huo serikali ilikuwa ikipitisha sheria za kufunga mashtaka, na mama anayepewa sanduku la mifupa huku muuaji akienda zake nyumbani alikuwa na kila sababu ya kuuliza anapokezwa mwanawe au ananyamazishwa.

Sheria hizo zilikuwa na tundu moja: wizi wa watoto haukusamehewa. Kwa tundu hilo Videla alikamatwa mwaka 1998, na mwaka 2012 akahukumiwa miaka 50 kwa mpango wa kuwapora watoto wachanga.

Kupatikana nako kuna maumivu. Wapo vijana waliokataa kutoa damu kwa kuogopa kuwapeleka jela waliowalea. Tangu 2009 sheria inamruhusu jaji kuagiza mswaki au kitana kichukuliwe badala yake. Wengine huja wenyewe. Ignacio, mpiga piano wa Olavarría, alijipeleka kupimwa kwa kuwa na shaka, na Agosti 2014 akaambiwa kwamba yeye ni mjukuu wa Estela de Carlotto, rais wa mabibi wenyewe. Binti yake Estela, Laura, aliuawa miezi miwili baada ya kujifungua mwaka 1978. Mwaka 1985 Snow aliisoma nyonga ya Laura, akamwambia Estela kwamba kweli yeye ni bibi. Akasubiri miaka 29. Ignacio alikuwa mjukuu wa 114. Sasa wamepatikana zaidi ya 130.

Na demokrasia yenyewe ina mtu wake aliyetoweka. Jorge Julio López, fundi ujenzi, alinusurika vizuizi vya miaka ya 1970 akiwa amebeba wosia: mama kijana aliyemwona akipigwa risasi alikuwa amemwomba, akitoka hai, ambusu bintiye kwa niaba yake. López aliyaandika aliyoyaona kwenye vipande vya karatasi, na mwaka 2006 akayatamka mahakamani dhidi ya Miguel Etchecolatz, mkuu wa zamani wa upelelezi wa polisi wa jimbo la Buenos Aires. Septemba 18, siku moja kabla ya hukumu ya kifungo cha maisha, alitoweka mjini La Plata. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mzee amechanganyikiwa kwa uzito wa kumbukumbu, na saa za kwanza, zilizo muhimu kuliko zote katika kumtafuta mtu, zikapita. Mwaka 2014, katika kesi nyingine, Etchecolatz alipigwa picha mahakamani akiwa na kikaratasi chenye jina la López. Alikufa mwaka 2022 bila kueleza. López hajaonekana.

Mamia ya wajukuu bado hawajulikani walipo. Ni watu wazima wanaokaribia au kuvuka miaka 50, wengi bila kushuku lolote, nao mabibi wanaondoka mmoja mmoja. Hilo lilifikiriwa mapema. Benki ya taifa ya vinasaba ilipoundwa kwa sheria mwaka 1987 ili kutunza damu ya familia hizo, ilipigwa hesabu ya umri ambao Mwargentina hufikia, ikakadiriwa kwamba benki itapaswa kubaki wazi angalau hadi mwaka 2050.