Kezilahabi Bila Vina: Diwani Tatu, Tafsiri Moja na Msomaji wa Kajiado

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa Pwani na bara: Pwani ikilinda vina na mizani, bara ikivivunja. Usimulizi huu hautoshi. Kaluta Amri Abedi, aliyeziweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha 1954, alikuwa mtu wa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Saadani Kandoro, mtetezi mwingine wa arudhi, alitoka huko huko. Bara, basi, ilikuwa na walinzi wake wa arudhi kabla Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, hajachapisha Kichomi jijini Nairobi mwaka 1974.

Katika utangulizi wa diwani hiyo, Kezilahabi alieleza kuwa alikusudia kuuleta ushairi karibu na lugha ya mazungumzo ya kila siku. Hoja hiyo aliiendeleza katika Karibu Ndani (1988), iliyotoka miaka mitatu baada ya tasnifu yake ya uzamivu ya Wisconsin kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, na katika Dhifa (2008). Ukizisoma diwani hizi kwa mfuatano, utaona kuwa uasi wa umbo ulikuwa mlango tu; nyumba yenyewe ni swali la namna mwanadamu anavyokuwapo duniani.

Je, umbo hili ni geni kwa Mwafrika? Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), walikataa kuvifanya vina na mizani kuwa kipimo cha pekee cha ushairi. Kajiado ni mahali pazuri pa kuitafakari hoja yao. Katika nyimbo za Wamaasai, olaranyani huongoza na kundi humwitikia kwa mivumo ya koo. Mdundo hutokana na pumzi na mwitiko, si lazima na kina cha mwisho wa mshororo. Mwanafunzi wa Kitengela aliyelelewa kwa nyimbo hizo, anapofundishwa tarbia na shairi huru katika somo moja, huenda akaiona tarbia ndiyo ngeni. Hii haimaanishi kuwa Kezilahabi aliiga Wamaasai, wala kwamba shairi huru ni wimbo wa jadi uliovaa nguo mpya: shairi la kitabuni halina kundi la kuliitikia. Maana yake ni kwamba neno “majaribio” hutegemea masikio ya msikilizaji.

Hapa ndipo umuhimu wa Stray Truths unapojitokeza. Teuzi hii, iliyohaririwa na kutafsiriwa na Annmarie Drury na kuchapishwa Marekani mwaka 2015, ilikusanya mashairi kutoka diwani zote tatu ndani ya kitabu kimoja. Faida yake ni dhahiri: msomaji asiyejua Kiswahili alipata kuiona safari nzima ya mshairi. Lakini Kiingereza kilikuwa kimekwisha kuzoea mashairi yasiyo na vina. Kwa hiyo, kilichokuwa ukaidi katika Kiswahili cha 1974 huko husomeka kama kawaida. Tafsiri huweza kuokoa taswira na fikra. Ukimya wa kina kilichotarajiwa kisha kikakosekana hauna mahali pa kuhamia.

Kezilahabi alifariki dunia mwezi Januari 2020. Mhakiki atakayeitathmini kazi yake yote hana budi kuisoma pamoja na sheria alizozikataa, kwa kuwa uasi hupimwa kwa ukuta uliovunjwa. Aidha, anapaswa kuwauliza wasomaji ambao ukuta huo haukujengwa kwao. Barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga hupita Kitengela na Kajiado kabla ya kuingia Tanzania. Historia ya ushairi wa Kiswahili nayo, ikitaka kuwa kamili, haiwezi kupita huko bila kusimama.